Pini Kwenye Picha ya Nyonga

Yule mpiga eksirei hapandishi sauti hata siku moja, na ndiyo maana simwamini. Vidole vyake ni virefu na vya baridi, na kabla ya kukugusa huvipulizia pumzi ya moto. Akishapiga huiinua picha kwenye taa, huinamisha kichwa na kuguna, “Mh,” mguno ambao hujui kama unapona au unazikwa. Mara ya kwanza mfupa wa nyonga yangu ya kulia ulitoka umefifia kama chaki iliyopanguswa ubaoni. Daktari akasema umepungukiwa madini kwa muda tu, nitembelee gongo, utarudi wenyewe. Utarudi? Kwani ulikwenda sokoni? Nikajua hawa wawili wana lao: siku ikifika watanionyesha picha ya mtu mwingine mwenye afya, wanifukuze. Kwa hiyo leo, aliponiambia kama kawaida, “Toa chuma chote, mzee wangu,” nilibakiza pini moja kwenye mpira wa chupi.

Akapiga, akaiinua picha. Kweli, nyonga ya kulia imejaa, inang'aa sawa na ya kushoto. “Mh,” akaguna, na kidole chake kikaenda kusimama pembeni kabisa, penye pini. “Mfupa umerudi, mzee wangu. Ni wako huu, na shahidi wako huyu hapa. Juzi mwenzako alificha ufunguo.” Hakucheka. Alininyooshea kiganja nimpe ile pini, apige upya picha safi ya kumpelekea daktari. Nikampa. Sasa hiyo safi nitajuaje kama ni yangu?