Nilihasi Maua Mimi, Akasifiwa Fidèle

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya mjomba, vilivyonizidi, nikafika kwenye station ya kilimo kabla kengele haijalia. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Station yenyewe ilikuwa juu ya kilima, nje kidogo ya Bukavu, ukifuata barabara ya Katana, na ziwa unaliona lote chini yako. Nilikuwa nimemaliza shule ya kilimo na nilijiona mtu mkubwa. Langoni nikakuta mtu amenitangulia. Fidèle! Tulisoma darasa moja, tulizaliwa kilima kimoja kule Kabare, na shuleni pia alikuwa akinitangulia kila mtihani. Akanishika mkono akasema, "Karibu, ndugu yangu," utadhani station ni ya baba yake. Nawaambia wazi, ninyi vijana mnaosoma: roho iliniuma asubuhi ile, na mpaka leo haijapona vizuri.

Mkubwa wetu alikuwa Chef de section, Mbelgiji mrefu mwenye Kiswahili cha kuamuru. Alitupeleka moja kwa moja kwenye miti, akavuta tawi la mchungwa mpaka usawa wa macho yetu.

"Muangalie muzuri," alisema. "Ua ya chungwa iko na mume na muke mu nyumba moja. Mimi nataka mutoto ya baba mwingine. Basi ule mume wa mu nyumba, tunamutosha."

Kazi hiyo iliitwa kuhasi ua. Unachagua ua ambalo bado halijafunguka, limevimba tu na kuwa jeupe, kwa sababu likishafunguka nyuki amekuwahi. Unalifungua kwa pensi, kile kibanio kidogo cha chuma, kisha unang'oa kimoja kimoja vile vijiti vyenye vichwa vya njano vinavyobeba chavua, yaani unga wa kiume. Katikati kunabaki kijiti kimoja kinene chenye kichwa kinachonata. Huyo ndiye mke, na ukimkwaruza umekwisha kuharibu. Unalivika ua mfuko wa karatasi, unafunga uzi. Baadaye mtu mwingine anakuja na brosi ndogo ya manyoya, anafungua ule mfuko, anapaka chavua ya mti mwingine, anafunga tena.

Mtu mwingine! Chef alitutazama mikono yetu, nakumbuka, akanigeuzia na viganja. "Wewe utahasi," akaniambia. "Fidèle atapaka." Hakutoa sababu, na enzi zile haukuuliza.

Basi nikahasi. Mvua za Septemba zikianza, miti yote inachanua kwa pamoja, na mimi nilikuwa juu ya ngazi tangu asubuhi, miiba inanichoma mikono, shingo imekakamaa. Fidèle alipita nyuma yangu na brosi yake, shati safi, anapiga mluzi. Na tunda likishika, Chef alimpa nani mkono? Mwenye brosi! "Fidèle ametupa matunda," alikuwa akisema mbele ya wageni. Wapi! Fidèle alipaka tu. Ua lililohasiwa vibaya hata ukilipaka dhahabu halikupi kitu.

Sasa mjue tulichokuwa tunatafuta. Machungwa ya vilima vyetu yalikuwa yanaoza shina kwa mvua nyingi. Gome linapasuka chini, gundi inatoka, mti unakufa umesimama. Pamplemusi moja ya station, yaani balungi, haikuugua kamwe. Directeur wa station, mzee mmoja mpole aliyetembea na fimbo, alitaka watoto wa mti ule. Akatukusanya akatangaza kwamba kati yetu sisi wawili, atakayefanya vizuri atakuwa moniteur, msimamizi wa kazi yote ya kuzalisha miti mipya. Hakuna mtu mweusi aliyekuwa amepewa cheo hicho pale kwetu. Nilikitaka. Nilikitaka mpaka usingizi ukanipotea, na mama yangu nilikuwa nimekwisha kumwambia kwamba ni changu.

Lakini pamplemusi ile ilikuwa na kiburi. Ukiipaka chavua yake yenyewe, ua linaanguka. Chef alitueleza kwamba chavua ikitua juu ya kile kichwa kinachonata inaota, inateremsha uzi mwembamba ndani ya kijiti kutafuta mayai. Katikati ya njia ua linautambua uzi kuwa ni wake mwenyewe, linaufungia. Uzi unafia humo. Kwa hiyo Chef akaamua chavua itoke kwa pamplemusi nyingine, na kwa bahati tulikuwa nazo mbili: ile yetu isiyougua, karibu na ziwa, iliyotoka kwa mapadri, na nyingine juu, kando ya ofisi, iliyotoka bustani ya mkoloni mmoja. Kila moja ilikuwa na jina lake kwenye kibao chake. Nikahasi, Fidèle akapaka. Maua yote yakaanguka. Msimu uliofuata tukarudia, yakaanguka tena, mti ukabaki na majani yake matupu.

Chef aliwaka. "Fidèle, wewe unalala!" alipiga kelele mbele ya wafanyakazi wote. "Brosi yako iko muchafu!"

Sitawaficha, nilifurahi. Jioni ile nilikula bugali nikaongeza. Nilimwona Fidèle anaosha brosi yake kwenye ndoo, anaiosha tena, na nikajisemea, bon, leo na wewe umeonja.

Kesho yake saa ya chakula tulikuwa tumekaa kwenye nyasi, wafanyakazi wote pamoja, na mimi kwa furaha yangu mdomo ukanifunguka. "Pengine hii miti mbili iko ya ukoo moja," nilisema. "Inasikia haya kuoana!"

Watu wakacheka mpaka maharage yakawapalia. Mnajua kwetu Bushi, nchi ya Washi, huoi mtu wa ukoo wako, hata kama nyumba zenu ziko mbali namna gani. Fidèle peke yake hakucheka. Aliweka bugali wake chini, akanitazama, akainuka akaenda.

Maua yaliporudi, alimwomba Chef ruhusa ya kuleta chavua ya mandarini, yaani chenza, na kuipaka kwenye pamplemusi zote mbili. Zote mbili zikashika. Kwenye matawi mengine akapaka tena chavua ya moja kwa nyingine. Yakaanguka yote. Kumbe ile miti miwili ilikuwa mti mmoja! Zamani mtu alikata vijiti kwenye mama mmoja, akavipandikiza kwenye mashina mawili, kimoja kikaenda kwa mapadri, kingine kwa mkoloni. Majina mawili, damu moja. Na mbegu za yale matunda yaliyoshika kwa chavua ya mandarini ndizo zilizotupa watoto wa kwanza.

Directeur alikuja mwenyewe na fimbo yake. "Fidèle, nani alikufundisha kujaribu hivi?"

"Directeur, kwetu, mbele ya kupeleka ngombe ya mahari, bazee banauliza kwanza ukoo."

Nilikuwa nimesimama palepale, pensi mkononi. Nilingoja ataje jina langu. Hakulitaja. Directeur akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na wiki ile ile akawa moniteur.

Nilimfuata nyuma ya banda la miche. "Ile neno ni yangu!" nilimwambia. "Ni mimi nilisema, batu bote balisikia!"

"Ulisema kwa kucheka," akajibu, bila hasira hata kidogo. "Kama ulijua, juu ya nini haukumwambia Chef?"

Jibu nimelitafuta tangu siku hiyo, na nikilikaribia linanikimbia. Hilo liliniuma kuliko cheo chenyewe.

Mimi nikatumwa Kamanyola, kwenye bonde, kutunza miche chini ya Agronome wa territoire, yaani bwana shamba wa wilaya, mtu wa kupenda saa yake kuliko watu. Jua la kule mnalijua. Uhuru ulipokuja na Wabelgiji wakaondoka, station ikamwangukia nani? Msiniulize. Nikaitwa kurudi Bukavu, nikawa chini ya Fidèle mpaka nilipostaafu. Alinitendea vizuri, na hilo pia lilinikera. Mkubwa mbaya unaweza kumsema jioni ukapata nafuu. Huyu alikuwa akimuuliza mke wangu habari za mgongo wake.

Sasa naishi Bagira, nina miti yangu michache, na vijana wakija kuuliza habari za kazi ile nawaonyesha namna ya kufungua ua bila kulikwaruza. Mikono bado inajua. Kuhasi ni kazi ya heshima, andikeni hivyo.

Fidèle alikufa mwaka ambao mvua zilichelewa. Kwenye kilio watoto wake walinifuata. "Tonton, wewe tu ndiye uliyebaki wa wakati wake. Useme." Nilisimama na nia mbaya, Mungu anajua. Nilitaka mara moja tu haki yangu isikike. Lakini nilimwona mjane wake amekaa pale chini kwenye mkeka, na maneno yaliyotoka yalikuwa mengine. Niliwaeleza namna alivyoshika brosi, jinsi alivyovumilia kelele za Chef, namna alivyongoja matunda. Nilisema vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Watu walilia, hata wanaume.

Niliporudi kuketi, nikasikia maman mmoja nyuma yangu anamnong'oneza mwenzake: "Unaona? Papa Fidèle, hata rafiki alijua kuchagua."