Maji ya Wageni

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, Ngamiani, Tanga mjini, juu ya duka la mitumba, na kazi yetu ilikuwa kuandika ripoti ambazo hakuna aliyezisoma mpaka mwisho. Simwonei mtu. Mimi ndiye niliyezichapa, na najua ni ngapi zilirudi kusahihishwa zikiwa na kurasa ambazo bado zimegandana. Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yanauzwa moja baada ya jingine. Mnunuzi wa kutoka nje hakupewa mkopo mpaka apeleke maelezo ya kile anachokinunua: kinafanya nini kwa ardhi, kwa maji na kwa watu wanaokizunguka. Maelezo hayo tuliyaandika sisi.

Tulikuwa watatu. Mkubwa wetu alikuwa bwana shamba wa zamani, mtu wa maneno laini, ambaye hakukasirika hata siku moja na ndiyo maana alinikasirisha kila siku. Mtaalamu wetu wa maji alikuwa mkemia wa kiwanda kilichofungwa. Mimi nilikuwa karani niliyepunguzwa kazi. Yaani wote watatu tulikuwa tumetemwa na mashirika yale yale ambayo sasa tulikuwa tunasaidia kuyauza. Nililifikiria jambo hilo kila nilipopanda ngazi asubuhi, lakini nilikuwa na watoto Makorora, na nilishawahi kupanga foleni ya sukari kutwa nzima nikarudi na mfuko mtupu. Sikuwa na hamu ya kurudi huko.

Kilichonichosha hasa ni lugha. Mkubwa alikuwa akipitia karatasi zangu kwa kalamu nyekundu, na watu wote walikuwa wakigeuka kuwa "wadau". Harufu mbaya ikawa "athari ya wastani". Mtu akiniambia analia, mimi niliandika "ameonyesha kutoridhika". Siku moja nilimuuliza, hivi mzee, mkeo akikukasirikia nyumbani naye ni mdau? Alicheka sana, kisha akaniambia nirudie ukurasa ule.

Basi likaja shamba la mkonge, upande wa kusini, ukishapita Tongoni. Sitalitaja. Lilikuwa na korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi, na korona hunywa maji mengi na kuyatema yakiwa ya kijani, yenye povu na harufu inayokaa puani mpaka kesho yake. Maji hayo yalikuwa yakiteremka kwenye mfereji wa wazi hadi bondeni, na bondeni palikuwa na kijiji. Swali la ripoti yetu lilikuwa moja tu, hata kama tulilijazia kurasa nyingi: je, maji ya korona yameingia kwenye kisima cha kijiji? Kama yameingia, mnunuzi angelazimika kuchimba mabwawa ya kuyatuliza na kuwachimbia wanakijiji kisima kipya kabla hajakabidhiwa shamba. Kama hayajaingia, anachukua funguo na maisha yanaendelea.

Mkubwa wetu alikuwa na mwiko mmoja. Hakuingia kijiji cha watu bila barua, na barua ilitangulia kwa wiki nzima. "Huwezi kuingia kwa mtu bila hodi," alikuwa akisema, na katika hilo nilikuwa upande wake, maana nimelelewa hivyo. Niliichapa barua mwenyewe. Nilimwandikia mwenyekiti wa kijiji kwamba Jumatano watafika wageni kutoka Tanga mjini kuchukua maji ya kisima chao na kuzungumza na akina mama. Nikamalizia kwa salamu na shukrani, nikagonga mhuri. Niliona ni barua nzuri.

Tulipofika tulikuta uwanja umefagiliwa na mkeka mpya umetandikwa. Mwenyekiti alitupokea, na nyuma yake walikuwa wamekaa wanawake kama kumi hivi. Mkubwa wao alikuwa bibi mmoja mwembamba, mwenye goti lililovimba, amelifunga kipande cha kanga. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba na kunikalisha karibu yake. Kisima kile, aliniambia, kilichimbwa na mumewe kwa mikono, hatua chache tu kutoka mlangoni kwake. Mumewe alikuwa ameshafariki.

Mitungi mitatu ilikuwa kivulini, imefunikwa kawa. "Maji mliyoyataka hayo," akasema mwenyekiti. "Yamechotwa leo leo."

Mkemia alikuwa na chupa zake, kamba yake na karatasi zake za kujaza. Alitakiwa achote mwenyewe. Alitazama njia ya kwenda kisimani, ilivyokuwa tope tupu, akatazama viatu vyake, kisha akawatazama wale wanawake wanavyomngojea. Kusema "sitaki haya, nataka kuchota kwa mkono wangu" kungekuwa kama kuwaambia hawaaminiki. Akashukuru, akachukua kata, akajaza chupa zake pale pale kivulini. Kwenye karatasi akaandika: yamechotwa kisimani. Akatia saini.

Mimi nilipewa kikombe. Maji yalikuwa matamu, baridi, hayana hata rangi. Nikanywa yote, nikafungua daftari, na wale akina mama wakaanza kuniambia kwamba maji yao yananuka. Kwamba watoto wanawashwa mwili mzima. Kwamba ukipika chai inakuwa chungu hata uitie sukari. Bibi akasema kwamba tangu mfereji ule upanuliwe amekuwa akitembea saa nzima kwenda chemchemini, juu kule, na saa nzima kurudi na ndoo kichwani, kwa goti lile; siku goti likikataa, wanakunywa hivyo hivyo ya kisimani. Niliyaandika yote, neno kwa neno. Lakini kikombe kilikuwa bado mkononi mwangu, na moyoni nilisema, wanawake hawa wanatia chumvi. Naliandika hilo hapa kwa sababu nilishazoea kuwalaumu wenzangu wawili tu.

Majibu ya maabara yalirudi safi kabisa. Mkubwa akayaweka kando ya maelezo ya akina mama, akatikisa kichwa kwa huruma, akachukua kalamu nyekundu. Nilichapa sentensi hii kwa vidole vyangu: "Malalamiko ya wadau hayakuthibitishwa na vipimo."

Utaratibu ulitaka muhtasari usomwe kijijini kabla mnunuzi hajaletewa ripoti. Wenzangu walikuwa na shughuli, nikaenda peke yangu. Nilisoma kwa sauti mbele ya wale wale akina mama. Nilipofika kwenye sentensi ile walitazamana. Bibi akanigusa mkono.

"Ati maji yetu ni mazuri?"

"Ndivyo vipimo vilivyosema, bibi."

"Maji yapi hayo?"

"Yale mliyotupa. Yale ya mitungini."

Akajishika kichwa. "Yale si ya kisimani, mwanangu! Yale ya chemchemini. Sie tuliamka alfajiri tukayafuata. Barua imesema wageni wanakuja kuchukua maji, na wageni wenyewe wa mjini, wakubwa. Sasa mie n'takupa wewe maji ya mkonge? Nyumbani kwangu? Ningeiweka wapi aibu hiyo!"

"Lakini tulitaka mabaya, bibi. Tulikuja kutafuta mabaya."

"Hakuna aliyetwambia hivyo," alisema, na ilikuwa kweli. Barua niliiandika mimi, na niliisoma upya baadaye. Haikuwa na neno hata moja linaloeleza maji yanatakiwa kwa sababu gani.

Alinichukua mpaka kisimani. Tulikwenda polepole kwa ajili ya goti lake, ingawa si mbali na uwanjani. Sikuhitaji maabara. Nilifunika pua kwa ushungi, na nilipochungulia niliona utando wa kijani ukielea juu. Niliomba chupa ya soda, nikaijaza, nikaiziba kwa kipande cha gunzi. Nikarudi mjini nimeipakata, na watu kwenye gari walisogea mbali nami kidogo. Njia nzima nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilidhani nimebeba dawa ya jambo lile.

Niliiweka mezani kwa mkubwa. Nikaeleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake, halafu akamwita mkemia. Mkemia aliitazama chupa, akaigeuza, akainusa.

"Hii si sampuli," akasema. "Haina namba. Imezibwa na gunzi. Aliyeichota hana utaalamu."

"Na wewe mwenye utaalamu uliichota wapi ya kwako?"

Aliirudisha chupa mezani. Nilimwona shingo ikimbadilika rangi. Kukubali kwamba maji yale hayakutoka kisimani kulimaanisha kukubali kwamba saini yake ni ya uongo, na saini ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Sikumchukia. Ningependa kusema nilimchukia, ingekuwa rahisi zaidi.

"Turudi tukapime upya," nilimwambia mkubwa. "Siku moja tu."

"Ripoti imeshajalidiwa, mama," akasema kwa upole wake ule unaotia wazimu. "Wageni wanakuja Ijumaa. Tukianza kusema tulikosea kisima, watauliza na kwingine kote tulikokwenda. Tutawaandikia pendekezo kwamba vipimo vifanyike tena siku zijazo."

"Siku zipi?"

"Zijazo."

Nilipiga meza. Sijawahi kupiga meza ya mtu mwingine maishani mwangu, wala sijarudia. Kalamu nyekundu ikaruka ikaanguka chini, na mkubwa akainama kuiokota mwenyewe. Niliiondoa chupa yangu, nikaifungia kwenye droo.

Ijumaa wakaja watu wawili wa upande wa mnunuzi. Walikuwa na haraka, na joto lilikuwa limewachosha. Mkubwa akaniambia niwaletee maji. Hapo ndipo nilipoona njia. Nilikuwa na chupa ya bibi kwenye droo. Nitaimimina kwenye bilauri, niwawekee mbele yao juu ya trei yenye kitambaa cheupe, na wakishika pua nitawaambia: haya ndiyo maji yaliyoandikwa safi katika ripoti yenu. Maneno nilikuwa nimeshayapanga. Hata kazi nilikuwa nimeshaiaga moyoni.

Nilikwenda nyuma ya pazia tulikokuwa tukipikia chai. Nikamimina. Maji yalikuwa yameiva zaidi kwa siku zile chache, na harufu ilipanda mpaka machoni. Nikapanga bilauri mbili kwenye trei. Nikaishika trei. Nikasimama.

Mkono ulikataa. Sijui niseme vipi, maana hata mwenyewe nilijishangaa. Wale walikuwa wageni. Mmoja wao alikuwa mtu mzima, jasho linamtoka, amesema asante kabla hata sijamletea. Mama yangu aliwahi kunichapa kwa kumpa mgeni maji kwenye kikombe ambacho hakikusuuzwa. Nilisimama pale nikajitukana kwa kila tusi ninalolijua, nikamwaza bibi na goti lake, nikapiga hatua moja kuelekea pazia. Kisha nikarudi, nikayamwaga. Nikaziosha bilauri kwa sabuni mara mbili. Nikawajazia maji ya kuchemsha kutoka kwenye mtungi wetu, nikawapelekea.

Wakayanywa yote. Yule mtu mzima akasema maji ya huku matamu. Mkubwa akatabasamu, akawafungulia ukurasa wa saini.

Niliacha kazi ile mwezi huo huo, lakini sijisifu kwa hilo. Kuacha kazi hakukumchimbia mtu kisima. Kabla sijaanza biashara yangu ya maandazi nilikwenda kijijini, kwa sababu nilijua bibi alikuwa akinisubiri. Nilimkuta mlangoni, amenyoosha mguu. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla sijakaa akamwita mkwewe alete maji.

"Wageni wako walisemaje?" akaniuliza. "Watatuchimbia?"

Nilisema hapana. Nilimweleza yote, pamoja na trei na bilauri, maana nilitaka anikasirikie. Nilihitaji mtu mmoja anikasirikie. Alinisikiliza huku akilisugua goti lake. Niliposema niliyamwaga yale maji, nikawapa masafi, akaitikia kwa kichwa.

"Ungefanyaje?" akasema. "Umelelewa."

Mkwewe akaleta kikombe. Nilikitazama, maji meupe, baridi.

"Haya umeyatoa wapi, bibi?"

"Kule kule."

"Nipe ya kisimani. Ndiyo mnayokunywa nyie. Mie si mgeni tena."

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Nimeyafuata leo asubuhi. N'lijua utakuja."

Nikayanywa.