Mistari Minne ya Otilia

Otilia Briceño, ambaye Mungu amempumzisha Kwaresima hii, alizaliwa Santa Cruz, mkoani Guanacaste, kwenye nyumba iliyojaa watu mashuhuri ukutani. Baba yake, don Nicanor, alikata picha magazetini: washairi wa mkoa, wachoraji wa mkoa, wabunge wa mkoa. Akazibandika kuuzunguka msalaba, mpaka Bwana Yesu akabanwa.

"Baba, iko siku utamwashia mbunge mshumaa," Otilia alimwambia.

"Afadhali mbunge kuliko wachunga ng'ombe wanaokuchungulia dirishani. Guanacaste imezaa vichwa, binti. Sisi Briceño tumezaa nini? Biskuti!"

Ni kweli, biskuti za mahindi na jibini ndizo zilizowalisha, na Otilia ndiye aliyezioka tangu mama yake alipofariki. Lakini don Nicanor alitaka mkwe wa kubandika ukutani. Akampata: Wakili Arístides Viales, mtunga mashairi, mgombea ubunge, mwenye masharubu yaliyopakwa mafuta. Wakakubaliana posa itangazwe Januari, kwenye sikukuu ya Kristo wa Esquipulas, mbele ya mji mzima.

Otilia alisali rozari wiki nzima. Hakumwomba Mungu amuue wakili. Alimwomba tu ampe huyo wakili mwanamke mwingine wa kumuoa, mwenye subira zaidi.

Siku ikafika. Marimba ikalia, vumbi likapanda, wakili akamzungusha Otilia kama anayefungua kizibo. Katikati ya ngoma akainua mkono: "Bomba!"

Marimba ikanyamaza papo hapo, kama ada inavyotaka. Mwenye kupiga ukelele huo hutoa mistari minne, yenye vina na utani, kisha ngoma huendelea. Hata mlevi anajua ni minne.

Wakili alitoa minne. Akaongeza minne. Akausifu uso wa Otilia, akahamia kwenye mito ya Guanacaste, akapita kwenye barabara atakazojenga. Wapiga marimba wakabaki na vijiti hewani. Wachezaji wakasimama wameshikana, jasho likiwatiririka.

"Mwenzangu, huyu anaoa au anahutubia?" akanong'ona bibi mmoja.

"Vyote viwili. Na sisi ndio mahari."

Otilia akamtazama yule mwanamume aliyefumba macho kwa utamu wa sauti yake mwenyewe, akaiona miaka yake yote mbele yake, amesimama hivyo hivyo, akisubiri. Akajaza kifua hewa.

"Bomba!"

Uwanja ukagutuka. Wakili akafumbua macho.

*Wakili maneno tele,*
*miguu inatuuma;*
*ukinioa milele,*
*siku gani nitasema?*

Vicheko vililipuka hata fahali zizini wakashtuka. Ikawa zamu ya wakili kujibu, maana ada ni ada: aliyetaniwa hujibu, au hutoka uwanjani. Akafungua mdomo. Akaufunga. Nje ya aliyoyakariri, yule bwana hakuwa na hata mstari mmoja.

Otilia hakumtazama tena. Alimtazama baba yake, aliyekuwa amesimama kando ya marimba, uso mwekundu. Akajua: hapa nimekwisha, leo nalala nje.

Don Nicanor akavua kofia.

"Bomba!" akanguruma.

*Binti mwenye ulimi wembe,*
*kila siku wanichoma;*
*akupendaye aombe*
*Mungu ampe uzima!*

Watu walipiga mayowe. Tangu alipomzika mkewe, hakuna aliyemsikia don Nicanor akitoa bomba, naye zamani alikuwa moto wa kuotea mbali. Otilia akamjibu. Baba akamrudishia. Wapiga marimba wakaona hakuna dalili ya kumaliza, wakaweka vijiti chini wakaagiza chicha, pombe yao ya mahindi. Ilipokuja kukumbukwa kwamba kulikuwa na posa ya kutangaza, wakili alishachukua kofia yake na kuondoka.

Asubuhi baba alimkuta Otilia jikoni, mikono imejaa unga. Alikohoa, akazunguka meza, akaiba biskuti ya moto.

"Sasa yule wakili tutamwambia nini?"

"Ameshaambiwa, baba."

Don Nicanor alitafuna polepole, akitafuta kosa la kukemea.

"Mstari wako wa tatu," akasema hatimaye, "ulikuwa dhaifu kidogo." Akavuta kigoda, akaketi, wakaanza kuutengeneza pamoja.