Mamluki Ndani ya Nyumba ya Bibi Harusi

Mwaka 1981 nilimshuhudia mwanaume akimpa talaka mwanamke ambaye hakuwahi kumwoa.

Talaka ile niliisababisha mimi, nikiwa kazini, kwa mshahara wa serikali.

Nilikuwa mkuu wa ofisi ndogo mtaa wa Magoudjou, Moroni. Raia akidhulumiwa na serikali ya nje, sisi tunamdaia. Wengi walikuwa Wakomoro waliofukuzwa Madagaska wakaacha nyumba na maduka Majunga. Swali letu la kwanza lilikuwa moja: serikali gani?

Hakuna serikali, hakuna dai.

Nikaenda Mutsamudu, mji wa kisiwa kingine, kusikiliza madai. Akaingia mama mmoja, Kalathoumi, wa kijiji cha Patsy kule juu. Hata kiti hakukitaka.

"Bweni," akaniita, yaani bibi, "kuna mzungu anaishi kwenye nyumba ya binti yangu."

"Mpangaji?"

"Mpangaji gani ana bunduki?"

Alikuwa mamluki, mmoja wa wale waliokuja 1978 kupindua serikali, wakanogewa, wakabaki. Alipenda upepo wa Patsy. Akavunja kufuli, akaingiza kitanda.

Sasa, kwetu nyumba ni ya mwanamke. Wazazi wanamjengea binti, na siku ya harusi mume anaingia kwake na nguo zake. Hakuna nyumba, hakuna ndoa. Harusi ya binti huyo, Nouriat, ilikuwa mwezi ule ule.

Nikauliza ubalozi wa kwao. Si mtu wetu, wakasema. Nikamuuliza mkubwa mmoja Moroni. "Rasmi, si wetu," akajibu. "Wewe mama una watoto, au siyo?"

Ninao watatu. Nikakata simu.

Karani wangu, Fakih, akasema, "Bosi, hili halina wa kudaiwa. Tulifunge."

"Huyu mtu akiwa Moroni anakula wapi?"

"Kwa mkewe. Si alisilimu? Kaoa binti wa Bi Zoubeda, muuza vitambaa wa soko la Volo Volo."

Kumbe ana wenyewe!

Niliporudi Moroni, nikaenda sokoni moja kwa moja. Bi Zoubeda alikuwa anakata kitambaa.

"Bi Zoubeda, mkweo analala kwenye nyumba mpya ya binti wa watu, Patsy. Nyumba ya harusi."

Mkasi ukasimama. "Ameingia?"

"Ameingia. Na kitanda."

Kwetu, mwanaume akilala kwenye nyumba mpya ya mwali, watu wanahesabu ameoa. Nilijua ataelewaje. Ndiyo maana nilikwenda.

"Nimempa binti," akasema. "Nimempa jina, Moustoifa. Nimemfundisha kula kwa mkono wa kulia. Leo ananiolea mke wa pili kimyakimya?"

Kesho yake akapanda ndege. Nikapanda naye, dai ni dai.

Patsy, alisimama mbele ya nyumba. "Moustoifa! Toka!"

Mamluki akatoka amevaa kikoi, bunduki begani. Alipomwona mama mkwe, akailaza bunduki chini taratibu.

"Mama, hii ni kambi ya kazi..."

"Na kitanda ni cha kazi? Beba! Mume wa wake wawili!"

Akabeba godoro kichwani, kijiji kizima kikitazama.

Nikashusha pumzi. Mapema mno.

Maana ile "wake wawili" Patsy nzima iliisikia; aliyekuwa mvamizi sasa akawa mume. Kabla ya alasiri akafika Sounhadj, mjomba wa bwana harusi, uso mkavu.

"Binti ana mume. Sisi hatuoi mke wa mtu."

Kalathoumi akanitazama. Bora angenitukana.

Tukaenda wote kwa kadhi. Zoubeda akaapa kwamba alielewa vibaya. Mamluki akaapa hajawahi hata kumwona Nouriat. Sounhadj hakutikisika.

"Basi amwache."

"Hakumwoa," kadhi akasema.

"Basi haitamgharimu kitu."

Kadhi akafuta miwani, akaivaa. "Haya, mwanangu. Sema."

Mtu aliyepindua serikali akasimama, akamwacha mke asiyemjua. Mara tatu. Ya pili aliirudia, kadhi hakuisikia vizuri.

"Na kwa kuwa hawakukutana, hakuna eda," kadhi akamaliza. "Harusi iendelee."

Nyuma ya mlango, Nouriat akauliza, "Nimeachwa na nani?"

Watu walikuwa na haraka ya kuandaa wali.

Harusi ilifanyika, mume akaingia nyumbani kwa Nouriat na nguo zake. Alimkuta bikira. Kadhi alimwandika mtalaka, maana utaratibu ni utaratibu.

Somo langu ni fupi. Mtu hata akikanwa na dunia nzima, upo mlango mmoja ambao hathubutu kuuingia bila kupiga hodi. Utafute huo, uende ukamwite mwenye nyumba.