Miguu ya Bibi Ilipovimba

Nilipokuwa mtoto, kwetu Malindi, ile ya milimani Lushoto, mguu haukuvimba bure. Ukiteguka ilijulikana, ukichomwa na mwiba ilijulikana. Lakini mguu uliovimba wenyewe, taratibu, bila jeraha, huo ulikuwa umekanyaga tego. Mtu mwenye kinyongo nawe alikuwa amefukia dawa yake njiani, akataja jina lako, nawe ukapita juu yake. Hakuna aliyetufundisha jambo hili. Tulilijua tu, kama tulivyojua kwamba ukungu ukizidi viazi huungua majani.

Nililelewa na bibi mzaa mama, Bi Mwanaidi. Alikuwa mjane mrefu, mkulima wa kabichi na karoti, mwepesi wa kucheka na mwepesi vilevile wa kugomba. Nyumbani tulikuwa naye mimi na mama mdogo Rehema, na mjomba Athumani alikuwa amejenga hapo hapo uani.

Shamba letu lilipakana na la Bi Hadija, mjane mwenzake, na mpaka wenyewe ulikuwa mstari wa masale, mimea inayopandwa kuonyesha shamba linaishia wapi. Kabla ya mvua za mwaka huo bibi alidai masale yamesogezwa. Wakatupiana maneno mbele ya watu, kwa Kishambaa, kila mmoja kasimama upande wake. Mwishowe Bi Hadija akasema, "Mwanaidi, kashamba haka katakuchosha miguu." Akachukua jembe lake, akaenda zake. Siku ile watu walicheka.

Mvua zilipokwisha, miguu ya bibi ilianza kuvimba. Kwanza ilikuwa vifundo tu, jioni, na asubuhi vilikuwa vimenywea. Baadaye havikunywea tena. Ukibonyeza kwa kidole kwenye muundi, pale kidole kilipotoka palibaki shimo, na shimo lile lilikaa. Nililibonyeza mwenyewe zaidi ya mara moja, bibi akinitazama. Kisha akawa hawezi kulala chali. Alilala ameegemea gunia la maharage, na akiteleza chini aliamka akihema kama mtu aliyepanda mlima. Majirani walisema anakabwa. Ndipo wakayakumbuka maneno ya Bi Hadija, na hakuna aliyecheka tena.

Niseme jambo moja hapa. Mimi mwenyewe sasa nina presha, na vidonge vya kwanza nilivyopewa, amlodipini, vilinivimbisha vifundo vya miguu. Daktari aliniambia hilo linajulikana, huwatokea baadhi ya watu, akanibadilishia nikaanza losatani, na uvimbe ukaisha. Lakini kabla sijamfikia daktari nilikuwa nimekwisha kujiuliza ni nani ana neno na mimi, na jina la mtu lilikuwa limenijia. Mimi niliyesoma. Kwa hiyo siwacheki watu wa nyumbani.

Mjomba Athumani alimleta mganga kutoka bondeni. Alikuwa mzee mpole, hakupiga kelele wala kuruka. Alimchanja bibi miguuni, akampaka dawa nyeusi, akasema, "Aliyetega hawezi kukaa mbali. Atakuja mwenyewe kukuona, na mkononi atakuwa na chakula. Msikile."

Wiki hiyo hiyo, mchana, Bi Hadija akabisha hodi. Alikuwa amebeba bakuli lililofunikwa kwa kawa.

Mama mdogo aliyekuwa akichambua mboga aliacha. Mjomba alisimama mlangoni, hakumkaribisha wala hakumzuia. Bi Hadija aliingia, akakaa mkekani karibu na bibi, akasema, "Nimesikia huli. Nimekupikia ugali na ng'onda wa nazi. Najua unampenda." Ng'onda ni samaki mkavu wa chumvi anayepanda kwetu kutoka Tanga, na bibi alimpenda kweli.

Mama mdogo akasema haraka, "Mama ameshakula."

"Sijala," bibi akasema. "Lete."

Alikula mbele yetu sote. Akala ugali wote, akafuta bakuli kwa kidole. Nafikiri sasa kwamba alifanya hivyo kwa ubishi zaidi ya njaa, kwani hakupenda kuamriwa na mtu yeyote, awe mganga au mwanawe. Wakati ule niliona tu kwamba bibi amekula mauti, na nilitoka nje nikalia.

Alfajiri alikuwa hawezi kumaliza sentensi. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, na kifua kilitoa mlio wa maji yanayochemka. Walimpakia kwenye gari la mboga lililokuwa linakwenda Lushoto mjini, mama mdogo akamshika mgongoni. Mimi niliachwa nyumbani.

Gari lilipoondoka tu, mjomba aliwakusanya vijana. Niliwafuata kwa nyuma hadi kwenye uzio. Bi Hadija alikuwa mlangoni kwake, mikono mitupu, kitenge kimemteleza begani.

"Nimempa samaki," alisema. "Sikumpa sumu."

"Kesho tusikukute hapa," mjomba akajibu. Hawakumpiga. Mmoja alirusha jiwe juu ya bati, na lile bati likalia vibaya sana.

Asubuhi iliyofuata Bi Hadija alipita mbele ya uwanja wetu na furushi kichwani, akienda kutafuta gari la Lukozi, kwa mwanawe. Nilikuwa peke yangu nje. Sikujua kama mtu wa namna ile anasalimiwa, lakini mdomo ulizoea, ukasema wenyewe, "Shikamoo."

"Marahaba." Akasimama. "Bibi yako anapumua?"

"Wamesema anapumua."

"Alhamdulillahi," akasema, akaendelea na njia.

Ya hospitali niliyasikia kwa mama mdogo, ambaye aliyasimulia hadi tukayakariri. Daktari, mwanamke kijana, alimsikiliza bibi kifua, akambonyeza miguu kama nilivyokuwa nikimbonyeza mimi, akauliza, "Jana alikula nini?" Mama mdogo akanong'ona, "Ng'onda, daktari. Alipewa na mtu." Daktari hakuuliza ni mtu gani. Alisema, "Moyo wake umechoka kwa presha ya miaka mingi, hausukumi damu sawasawa, kwa hiyo maji yanatuama. Yanashuka miguuni, mengine yanaingia kwenye mapafu. Chumvi inayazidisha. Samaki yule hata angepewa na wewe, mambo yangekuwa haya haya."

Bibi alichomwa sindano ya kutoa maji, na mama mdogo alisema hajapata kuona mtu akikojoa vile. Aliporudi nyumbani miguu ilikuwa miembamba, ngozi imekunjamana kama soksi kubwa. Alikuwa na vidonge vya aina tatu: cha kutoa maji, ambacho alitakiwa kukimeza asubuhi ili asihangaike na choo usiku kucha; cha kushusha presha na kuupunguzia moyo mzigo; na kidogo cheupe cha kuusaidia moyo kupiga kwa nguvu na kwa mpangilio, ambacho walimwonya asikizidishe hata siku moja. Chumvi akakatazwa. Ndizi mbivu akaambiwa ale.

Kijijini walisema dawa ya hospitali imelitoa tego. Mganga naye alisema ni dawa yake nyeusi. Hakuna aliyesema kwamba halikuwako.

Vidonge vilipokwisha bibi hakurudi kuchukua vingine. Mama mdogo ndiye aliyesema, na wengi wetu tuliona ni maneno ya busara, "Dawa ni ya ugonjwa. Ugonjwa umeisha, unameza ya nini? Ukizoea hutaweza kuacha." Haikupita muda miguu ikarudi kuvimba, na pumzi ikaanza kukata.

Nakumbuka mchana ambao bibi aliketi juani, miguu imenyooshwa, watu wazima wamemzunguka wakibishana kama aitwe mganga yule yule au mwingine. Bibi akabonyeza muundi wake, akalitazama lile shimo.

"Hadija yuko Lukozi," alisema. "Mimi tangu nirudi sijavuka uwanja huu. Nimelikanyaga wapi?"

Mjomba akasema, "Huenda alitega la pili kabla hajaondoka."

"Athumani, nikuulize basi. Nilipokuwa nameza vidonge lilikwenda wapi hilo tego? Lilikaa kando likisubiri viishe?"

Nilimwona mjomba akitazama chini, na mama mdogo aliinuka kwenda kutafuta gari.

Daktari yule yule alimwambia kwamba dawa za moyo haziumalizi ugonjwa, zinauzuia. Ukiziacha, unarudi pale ulipokuwa. Bibi hakufurahi kuambiwa atameza maisha yake yote. Lakini alimeza.

Alipopata nguvu alinichukua tukaenda Lukozi. Tulimkuta Bi Hadija nyuma ya nyumba ya mwanawe akipukuchua mahindi. Hakuinuka.

"Nimekuja kukuchukua," bibi akasema.

"Mwanao alinifukuza."

"Atakuja mwenyewe kukuomba radhi. Akikataa, nitahamia mimi hapa kwako, tumsumbue mwanao sote wawili."

Bi Hadija aliendelea kupukuchua. Baadaye akauliza, "Na masale?"

"Masale uliyasogeza, Hadija."

"Niliyasogeza," akasema. Akacheka kidogo, kisha akafunika uso kwa kitenge akalia kwa muda mrefu. Bibi alikaa kando yake, akachukua hindi, akaanza kupukuchua.

Mjomba alikwenda kweli, ingawa ilichukua siku nyingi. Bi Hadija alirudi. Wapo waliokataa kunywa maji kwake hadi mwisho, na wapo watoto wa rika langu, sasa ni watu wazima wenye wajukuu, ambao bado humwita Bi Hadija mtegaji. Hilo halikupata dawa. Bibi yangu aliishi hadi nilipomaliza sekondari, akala mboga zisizo na chumvi akilalamika kila siku. Alipofariki, Bi Hadija alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha, kwa kuwa bibi mwenyewe alikuwa ameusia hivyo, na mjomba ndiye aliyekwenda kumwita.

Sijui kama tego lipo au halipo. Wazee wangu waliamini, na hawakuwa wajinga. Walikuwa na mguu uliovimba na hawakuwa na jina lingine la kuuita. Ninachokijua ni kwamba tego haliwezi kuwako bila mtegaji. Ukishalitaja, itabidi umtafute mtu, na mara nyingi anayepatikana ni mwanamke anayeishi peke yake, aliyewahi kusema neno kali. Moyo uliochoka haumtafuti mtu. Nadhani bibi alilifahamu hilo kabla yetu sote, siku ile alipokuwa ameketi juani, na ndiyo maana safari yake ya kwanza baada ya kupata nguvu ilikuwa ya Lukozi.