Chaki na Mawese Ndani ya Turbini

Niliharibu turbini mbili kabla ya kuelewa kwamba kosa halikuwa kwenye turbini.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa chuo, hapa Butembo. Maabara sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni karakana ya fundi mmoja wa kuchomea vyuma kule Mususa, mzee Mwislamu aliyekulia Beni kati ya malori ya baba yake. Alikuwa na groupe, yaani jenereta kuukuu ya mazutu, ya kumpa umeme, na moshi wake wa moto ulipotea bure angani. Mimi nilitaka moshi ule uzungushe kitu kwanza.

Turbini yenyewe ungeweza kuibeba kwapani: gurudumu la mabapa ya chuma ndani ya bomba, na mbele yake mabapa mengine yasiyozunguka, ya kuuelekeza moshi. Gurudumu lilizungusha dinamo ndogo, na dinamo iliwasha taa.

Taa ikawaka kama kaa la moto linalozimika. Bomba likatetemeka hadi nati zikalegea.

"Mapanga yako iko mubaya, mama," akasema mzee, akigusa mabapa ya gurudumu.

Nikayakata upya. Ikawa vilevile. Nikayakata tena, vidole vimejaa malengelenge, na siku hiyo nililia mbele yake bila aibu.

Asubuhi moja nilikuwa nikilitazama bomba tu. Kwa sababu kiwanja kilikuwa chembamba, tulikuwa tumelikunja karibu kabisa na turbini. Nikasimama ghafla.

"Papa, uko na chaki? Na mafuta ya mawese kidogo?"

"Tunapika turbini sasa?"

Nilisaga chaki, nikaichanganya na mawese, nikayapaka mabapa yale yasiyozunguka, ili njia ya moshi ijichore juu yake. Tukawasha groupe kwa muda mfupi, tukaizima, tukafungua. Upande wa nje wa kona, rangi ilikuwa imefagiliwa yote. Upande wa ndani ilikuwa karibu kama nilivyoipaka.

"Angalia! Moshi inapita huku tu! Kule hapana!"

Mzee aliinama, akavua miwani, akaivaa tena. "Donc, kumbe tulikuwa tunatesa mapanga bure!"

Sikutaka hata kula. Nililigeuza kila bapa lisilozunguka kwa pembe yake lenyewe, kufuatana na moshi unavyolifikia, si yote sawasawa kama kitabu kilivyochora. Mzee akachomea pipa dogo kabla ya kona, ili moshi unaotoka kwa vishindo utulie humo kwanza.

Tukawasha. Bomba halikutetemeka. Taa ikapanda, ikapanda, ikawa nyeupe hata tukafumba macho.

"Ongeza gaz!" nikapiga kelele. "Punguza! Ongeza tena!"

Mzee alipandisha na kushusha mwendo wa groupe, akijaribu kila namna kuivuruga turbini. Taa ilishuka kidogo na kupanda, lakini gurudumu liliimba laini wakati wote. Majirani walikuja kuuliza nani ameolewa, maana nilikuwa nikipiga vigelegele peke yangu katikati ya vyuma.

Chuoni kazi ilipita. Mwezi uliofuata mzee alinipeleka Beni kwa kaka yake, mwenye ghala la kakao na groupe kubwa mara tatu. Kaka mtu alinitazama toka kichwa hadi viatu, akauliza, "Ni huyu?"

"Njo huyu," mzee akajibu. "Umupe funguo ya groupe."