Kicheko Kilichosikika Pontgelli

Saa kumi na moja na nusu jioni, Alhamisi, mvua ya Novemba inapiga paa la studio moja kusini mwa mto Thames. Watu mia tatu hivi wameketi kwenye viti vya kukunja, makoti yao bado yananuka maji. Wamepanga foleni nje tangu saa tisa. Wana baridi, wana njaa, na hawajamwona mtu maarufu hata mmoja.

Anayewatokea ni mama mfupi wa miaka hamsini na saba, kavaa suruali nyeusi na viatu vya raba, kipaza sauti mkononi.

"Nani katoka mbali?" anauliza.

"Hull!" mwanamume mmoja anajibu kutoka safu za nyuma.

"Hull! Umekuja kwa hiari yako, baba, au wamekufukuza?"

"Mke wangu ndiye kanileta."

"Yuko wapi huyo mke?"

"Kabaki baa."

"Basi kakutua hapa kama mtoto wa chekechea, yeye huyo kaenda zake kustarehe. Hebu mpigieni makofi mwanamke mwenye akili!"

Studio inalipuka. Bronwen Prosser, ambaye kila mtu humu humwita Bron, anageuka kidogo na kufuta jicho kwa kiganja. Anageuka tena akiwa na tabasamu.

Hii ndiyo kazi yake, na ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Yeye si mshiriki wa Wiki Kichwa Chini, shindano la maswali la kuchekesha kuhusu habari za wiki. Jina lake halitajwi na sura yake haionekani. Yeye huwapasha watazamaji moto kabla kamera hazijawashwa, na kuwazuia wasipoe pale kurekodi kunapokwama. Wachekeshaji wanne wanaolipwa maelfu wakifika mezani, wanakuta watu wameshaiva.

"Ni kama kuwasha moto wa makaa ya mawe," anasema. "Baba yangu alikuwa akiuwasha kila asubuhi kabla hatujaamka. Ukiupuliza kwa pupa, unazima. Unaubembeleza."

Analipwa pauni mia mbili na themanini kwa jioni moja, na msimu una vipindi kumi tu. Hana mkataba. Mwenzake aliyekuwa akishika zamu za majira ya kuchipua alikosa wiki mbili kwa sababu ya upasuaji wa nyonga. Aliambiwa apumzike vizuri. Anapumzika hadi leo.

Ndiyo maana Alhamisi ya wiki iliyopita Bron hakumwambia mtu kwamba kaka yake amepotea.

Jumanne ya wiki hiyo mto ulipasua ukingo na kuimeza Pontgelli, mji mdogo wa bonde la Wales alikozaliwa. Kalvati la kupitishia maji chini ya barabara kuu lilikuwa limeziba kwa vifusi, na wakazi wanasema walilalamika tangu kiangazi. Maji yaliingia majumbani watu wakinywa chai ya saa kumi. Kaka yake, Idwal, fundi wa malori, alitoka kwenda kumsaidia jirani mgonjwa kupanda ngazi. Jirani alipanda. Idwal hakuonekana tena.

Barabara zilifungwa, treni zikasimama. Bron alikaa London na simu yake siku mbili nzima, akimpigia wifi yake Nerys, mke wa Idwal, kila saa.

"Alhamisi nikajiambia, nikikaa tena kwenye kile kiti cha jikoni nitapata wazimu," anasema. "Nikavaa viatu, nikaja kazini. Nilijua watayagusa mafuriko. Ndiyo yaliyokuwa habari ya wiki. Ila nilidhani yatanipita tu kama habari nyingine."

Hayakumpita. Mwenyekiti wa halmashauri ya huko alikuwa amehojiwa na televisheni ofisini mwake akiwa amesimama juu ya kiti, maji yakicheza miguuni mwa kiti hicho, akisema hali imedhibitiwa. Nchi nzima ilikuwa imeshaiona picha hiyo. Ilipoonyeshwa studioni, watu walicheka kabla ya kuambiwa kitu. Kisha mchekeshaji mmoja akasema:

"Mwacheni mzee wa watu. Halmashauri yake huzoa takataka mara moja kila wiki tatu. Safari hii wamefidia, wamezoa na nyumba zenyewe."

Kabla mzaha haujatua vizuri, taa moja ya juu ikapasuka kwa kishindo. Watu walipiga kelele. Vioo vikafagiliwa, taa ikabadilishwa, na amri ikatoka kwamba mzaha urudiwe tangu mwanzo.

Wanaojua televisheni wanajua ugumu uliopo hapo. Mzaha wa mara ya pili ni kama wali uliolala. Watu wanaujua mwisho wake, na wale walikuwa bado wanaitazama dari kwa hofu. Mchekeshaji alirudia maneno yake. Kimya. Akarudia tena. Wachache walikohoa.

"Bron!" sauti ya mtayarishaji ikatoka kwenye spika. "Tusaidie, mpenzi."

Kuna sheria moja katika kazi hii ambayo haihitaji kuandikwa: mpashaji husimama pembeni, mbali na vipaza sauti vinavyoning'inia juu ya viti, ili sauti yake isiingie kwenye kipindi. Jioni ile Bron aliivunja. Alipanda katikati ya safu, chini kabisa ya vipaza sauti, na mzaha uliposemwa mara ya nne akaangua kicheko yeye mwenyewe. Kicheko chake ni kikubwa, kinaanzia tumboni na kuishia kwa mluzi mwembamba kama wa birika linalochemka. Watu waliomzunguka waliambukizwa, wakawaambukiza wengine, na studio nzima ikaenda nacho.

"Unaniuliza nilikuwa nawaza nini," anasema. "Sikuwa nawaza. Nilisikia watu wamenyamaza, na miaka yote hii nimelipwa kupigana na kimya hicho. Mwili ulifanya kazi yake. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka wamecheka nini."

Ijumaa asubuhi waokoaji walimkuta Idwal kwenye ua wa shule, chini ya tope na matairi.

Ijumaa jioni ndugu na majirani walijazana kwa Gwenda, mama mjane ambaye nyumba yake iko juu mlimani na haikuguswa na maji. Palikuwa na chai na mkate wa nyama. Televisheni ilikuwa inaongea peke yake kwenye kona. Hakuna aliyeizima kwa sababu hakuna aliyekuwa akiisikia.

Halafu Wiki Kichwa Chini, inayorushwa kila Ijumaa, ikaanza, na wakaisikia. Kwa miaka mingi Idwal alikuwa na mchezo wake wa Ijumaa: kutega sikio kuona kama atamkamata dada yake katika kelele za watazamaji. "Huyo hapo!" alikuwa akipiga kelele, mara nyingi akikosea. Wote waliokuwa kwa Gwenda waliujua mchezo huo.

Gwenda ndiye aliyetamka, akiwa na birika mkononi. "Jamani. Si Bron wetu huyo anayecheka?"

Nerys aliinuka, akachomoa waya ukutani, akarudi kukaa. Hayo Bron ameyapata kwa Gwenda. Nerys mwenyewe alipiga simu siku mbili baadaye, na mazungumzo yao Bron anayasimulia neno kwa neno, bila kujitetea.

"Huwa kinarudiwa hicho kipindi chenu?"

"Huwa kinarudiwa, wifi. Kile kirefu, siku kumi baada ya cha kwanza. Jumatatu baada ya mazishi."

"Na wewe utakuwemo?"

"Nitakuwemo."

"Basi Jumamosi usije kusimama kaburini kwa mtu ambaye Jumatatu utamcheka tena."

"Nerys, sikumcheka Idwal, Mungu ananiona."

"Mimi nimekusikia, Bron. Mungu muulize yeye alichosikia."

Mazishi ni keshokutwa. Bron alikuwa na kaka huyo mmoja tu, na wazazi wao walishakufa.

Leo mchana, kabla ya watazamaji kuingia, alimfuata mtayarishaji, Harriet Stobbs, katika chumba cha kuhariria picha na kumweleza yote kwa mara ya kwanza. Harriet, mwanamke wa miaka arobaini asiyeonekana bila kikombe cha kahawa, alikiweka kikombe chini.

"Bron. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema ungemleta mtu mwingine."

Harriet hakukanusha. Alisema mzaha ule umetazamwa na watu wengi kuliko wowote wa msimu huu, na wakubwa hawatakubali uondoke bila sababu ya kiufundi. Ila kicheko kinaweza kubadilishwa. "Leo tukimaliza kurekodi, tutawaonyesha watazamaji kipande kile. Wakicheka, tunachukua chao, tunafuta chako. Nerys hatakusikia tena. Wewe wapashe tu."

Kwa hiyo ili afute kicheko chake, Bron anatakiwa awachekeshe watu wengine mia tatu kwa mzaha uleule.

"Nikasema sawa," anasema. "Nilitaka kumzika kaka yangu. Ningesema sawa kwa lolote."

Saa mbili kasorobo kurekodi kumekwisha. Wachekeshaji wameshaondoka mezani, na watazamaji wanaombwa wabaki dakika chache. Wamechangamka, mashavu mekundu. Yule bwana wa Hull ameshakuwa rafiki wa safu nzima. Bron anajitokeza mbele yao, safari hii akiwa amesimama panapostahili, pembeni, mbali na vipaza sauti. Taa zinapungua. Kwenye skrini kubwa anatokea mwenyekiti juu ya kiti chake, na minong'ono ya kicheko inaanza yenyewe. Watu hawa wanataka kucheka. Anachotakiwa kufanya ni kuinua mkono tu.

Mkono hauinuki.

"Simamisheni kidogo," anasema. Picha inaganda. "Samahanini, wapenzi. Huo mji ni kwetu. Kaka yangu ni mmoja wa waliokufa hapo. Tunamzika Jumamosi."

Mtu mmoja anacheka, akidhani ni utani unaokuja. Jirani yake anamgusa bega.

"Wiki iliyopita niliwachekesha watu kama nyinyi kwa mzaha huu. Nililipwa. Leo nimetumwa niwachekeshe tena, nimejaribu, nimeshindwa. Siwakatazi. Anayetaka kucheka acheke. Mimi siwasaidii." Anakitazama kioo cha chumba cha juu, wanakokaa watayarishaji. "Haya, endelea, Leroy."

Leroy, fundi wa sauti, anaendelea. Mchekeshaji kwenye skrini anasema maneno yake kuhusu takataka na nyumba. Maneno yanaisha. Hakuna anayekohoa. Katika safu za nyuma bwana wa Hull amevua kofia yake na kuishika kifuani, kama wafanyavyo watu wa rika lake gari la maiti likipita barabarani.

Harriet anashuka mwenyewe baada ya watu kutoka. Hana hasira, au hana nguvu ya kuionyesha.

"Sasa sina kicheko," anasema.

"Huna."

"Na cha kwako nimeahidi kukitoa."

"Umeahidi."

"Mzaha usiochekwa siwezi kuurusha, Bron. Utaonekana kama tumewatukana maiti." Anajikuna paji la uso. "Nitaukata wote. Nitasema sauti imeharibika kwa ile taa. Ndiyo sababu ya kiufundi." Kisha, akiangalia pembeni: "Wiki ijayo tutamwita mtu mwingine. Wewe pumzika."

"Nitapumzika," Bron anasema.

Wote wawili wanajua walichoambizana. Bron anavaa koti, anaaga wafagiaji kwa majina yao, na kusimama chini ya kibaraza ili mvua isimlowanishie simu. Nerys anapokea baada ya mlio mrefu.

"Wameukata, wifi. Wote. Hautarudiwa."

Upande wa pili kuna sauti ya koleo likikwaruza sakafu ya mawe, kisha inakoma.

"Wameukata wenyewe au umewaomba?"

"Nilishindwa kuwachekesha watu."

Nerys hasemi kwamba amesamehe. Bron anasema hakutegemea hilo, na pengine hatalisikia kamwe. Anachosikia ni pumzi ya mwanamke aliyechoka, halafu swali: "Una buti za mpira?"

"Sina."

"Nunua kabla hujapanda treni. Huku zimekwisha. Jikoni tope limefika magotini, na Jumapili baada ya mazishi watu wote watarudi makwao. Mimi na koleo hili peke yetu hatutaweza."

Bron amekata tiketi ya kwenda tu. Kesho asubuhi atapitia buti, namba tano, na jozi mbili za glavu nzito. Kuhusu kazi hana mpango, na hajui kazi nyingine. Kuhusu Pontgelli anao: kuisafisha ile jikoni hadi sakafu ionekane, kuwasha tena jiko ambalo Idwal alilijenga kwa mikono yake, na kubaki huko mpaka mwenyekiti wa halmashauri atakapoitwa mbele ya tume ya uchunguzi wa mafuriko kueleza habari ya kalvati.

"Wamesema ni mwezi wa pili," anasema, akifunga vifungo vya koti hadi shingoni. "Nerys hawezi kwenda peke yake. Nitakaa naye siku zote za kikao, kama ataniruhusu nikae karibu yake."